Kinu Kile Kile: Ugeni wa Bibi katika Nyumba Yenye Mzio wa Karanga

Bibi anatoka Masasi, kusini mwa Tanzania, kuja Dar es Salaam mwezi wa Juni, shule zimefungwa, karanga mpya zimeshaingia ghalani. Anashuka Mbagala na mifuko mitatu: karanga zilizomenywa kilo 5, korosho kilo 1, unga wa lishe wa wajukuu kilo 2, mbaazi kavu na unga wa muhogo. Nyumbani anasubiriwa na mwanawe, mkwewe, mjukuu wa kike wa miaka 9, mjukuu wa kiume wa miaka 4 mwenye mzio wa karanga, na dada wa kazi ambaye ndiye anayeshinda jikoni mchana kutwa. Atakaa wiki mbili. Siku ya tatu mtoto anakimbizwa kituo cha afya, na kila mtu nyumbani yuko tayari kuapa kwamba mtoto hakula karanga.

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika nyumba nyingi, kwa hiyo hakuna familia moja inayoanikwa hapa. Ila dozi, muda na tabia ya mwili ni kama vilivyo kweli.

Yaliyojulikana kabla ya ugeni

Mtoto alipokuwa na miaka 2 alipewa kipande cha kashata ya karanga. Dakika 20 baadaye uso ulivimba, jicho moja likafumba, mwili ukatoka mabaka, akatapika. Hospitalini alifanyiwa kipimo cha ngozi na karanga ikaonekana wazi kuwa ndiyo sababu. Wazazi wakaambiwa asile karanga, wakapewa dawa ya maji ya cetirizine, ya kupunguza muwasho, ya kuweka nyumbani. Basi. Hawakupewa adrenalini, sindano ya kuokoa maisha mzio unapokuwa mkali, wala karatasi ya kueleza nini kifanyike mzio ukija kwa nguvu, na miaka miwili ikapita salama kwa sababu nyumba yenyewe haikuwa na karanga. Usalama ule ulitokana na mazingira. Utaratibu haukuwepo, na mazingira yakibadilika kwa mgeni mmoja tu hakuna kilichobaki cha kumlinda mtoto.

Bibi aliambiwa kwa simu, na mkwewe: "Mama, huyu mdogo karanga hali." Akaitikia. Kwa Kiswahili cha jikoni, "hali karanga" ni maneno yale yale tunayomwambia mtu asiyependa bamia. Ni habari ya sahani. Haisemi kitu kuhusu kinu, mwiko, mikono, unga wala mafuta, na Bibi aliitekeleza sawasawa na alivyoambiwa: sahani ya mtoto haikuwekwa karanga hata siku moja.

Siku ya pili na ya tatu

Siku ya pili jioni Bibi alitwanga karanga kwa ajili ya kisamvu cha wakubwa, katika kinu kidogo cha mbao cha nyumba ile, ambacho siku zote hutwangiwa kitunguu saumu na tangawizi. Mtoto alipikiwa samaki wake kwenye sufuria tofauti. Usiku dada akakiosha kinu kwa maji baridi, akakiinamisha ukutani. Asubuhi kikaanikwa juani.

Siku ya tatu dada alitwanga punje sita za kitunguu saumu katika kinu hicho, akaunga maharage. Mambo yakaenda hivi:

Saa 6:40 mchana mtoto anaanza kula wali na maharage. Saa 6:48 anasugua midomo kwa kiganja, anasema inawasha. Saa 6:55 mabaka yaliyovimba yanatokea shingoni na tumboni. Bibi anaona ni sumu ya kitu alichookota nje, anamnywesha kikombe cha maziwa ili kuikata. Saa 7:05 anatapika mara mbili, maziwa na chakula. Sasa inasemwa ni mchango. Saa 7:10 anaanza kukohoa kikohozi kikavu cha mfululizo na sauti inakuwa nzito. Dada anampigia mama kazini, anaambiwa ampe cetirizine, anampa. Wanasubiri dawa ifanye kazi. Saa 7:35 mtoto amelegea, hataki kusimama, wanaita bajaji. Saa 7:50 anachomwa adrenalini kwenye paja. Kufikia saa 8:00 kikohozi kimepungua na rangi imerudi. Wanamwangalia pale hadi saa 2 usiku, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia bila kula kitu kingine.

Aliyeandika muda huu ni mwuguzi, akimhoji dada kwa kumwuliza kilichokuwa kikiendelea kwenye redio. Ni mbinu nzuri. Watu waliotaharuki hawakumbuki dakika, ila wanakumbuka kwamba taarifa ya habari ya saa saba ilikuwa inasomwa.

Kinu kimefanya nini hasa

Karanga ni takribani robo protini na karibu nusu mafuta. Punje moja ina kati ya miligramu 150 na 300 za protini, na baadhi ya wenye mzio wanapata dalili kwa miligramu chache tu. Ukitwanga karanga kwenye mbao, mafuta yanaingia kwenye nyufa na vinyweleo vya mti yakiwa yamebeba protini. Maji baridi hayayeyushi mafuta. Jua linakausha uso wa kinu na kuua harufu, lakini halivunji protini ya karanga. Protini hiyo ni sugu kiasi kwamba hata kikaango hakiiwezi. Halafu kesho yake unaingiza kitunguu saumu, kitu chenye majimaji, unakiponda kwa nguvu ukikwangua mle mle ndani. Huwezi kubuni njia nzuri zaidi ya kuitoa karanga kwenye mti na kuirudisha kwenye chakula.

Ndiyo maana wapelelezi wa nyumbani walikwama. Walitafuta karanga kwenye maharage, kwenye wali, mifukoni mwa mtoto. Walimshuku hata mjukuu mkubwa kwamba amemwonjesha mdogo wake. Hakuna aliyetazama mchi.

Mwiko wa mbao una tabia ile ile, na kibao cha kukatia, na kibao cha mbuzi. Sufuria ya alumini, bakuli la udongo lililong'arishwa, sahani ya kioo na kijiko cha chuma vinasafishika kwa maji ya moto, sabuni na kusuguliwa. Chombo cha mbao kilichokwisha kutumika kwa karanga hakirudishwi kwa chakula cha mtoto huyu, hata kikichemshwa.

Mikono nayo ina lake. Sabuni ya kawaida ya mche na maji yanayotiririka huondoa karanga vidoleni. Kunawa kwa maji matupu kwenye bakuli kabla ya kula hakuondoi, na ile jeli ya kutakasa mikono inaua vijidudu na kuiacha protini pale pale. Nyumba inayonawa kwa zamu ndani ya bakuli moja, baada ya wakubwa kutafuna karanga barazani, inagawa mzio kwa usawa kabisa. Maji yamiminwe kwa jagi au birika, na sabuni iwepo.

Dakika arobaini na tano

Kosa kubwa kuliko la kinu limo kati ya saa 7:05 na 7:50. Kabla ya hapo mtu anaweza kusema ni vipele. Ila mabaka ya ngozi yakiungana na kutapika kusikokoma, au na kikohozi, kukoroma, sauti kubadilika, kulegea, huo ni mzio unaoshambulia zaidi ya sehemu moja ya mwili. Madaktari wanauita anafilaksisi, na dawa yake ya kwanza ni moja tu, adrenalini.

Cetirizine inapunguza muwasho na mabaka. Vidonge vya njano vya mafua ambavyo kila nyumba inavyo ni hivyo hivyo. Havifungui njia ya hewa iliyovimba wala havipandishi presha iliyoanguka, na hatari yao halisi ni kwamba ngozi inatulia, watu wanapumua, huku kifua kinaendelea kubana. Maziwa hayakati mzio. Kwa mtoto anayetapika yanaongeza uwezekano wa kupaliwa tu. Mkaa wa kusaga na kumtia kidole atapike ni mambo ya kundi hilo hilo.

Dozi ya adrenalini kwa sindano ya msuli ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 16 anahitaji miligramu 0.16, na kwa ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) ya kawaida yenye miligramu 1 ndani ya mililita 1, hiyo ni mililita 0.16 katika bomba dogo la sindano la mililita 1. Inachomwa upande wa nje wa paja, katikati, hata juu ya kaptula nyepesi. Dalili zisipopungua, inarudiwa baada ya dakika 5. Kalamu za adrenalini zinazojichoma zenyewe zipo na ni rahisi kutumia, lakini kwetu ni adimu na ghali, kwa hiyo familia nyingi hupangiwa na daktari ampuli mbili na mabomba mawili, na mtu mmoja au wawili nyumbani wanafundishwa kuvuta kipimo hicho mpaka mkono uzoee. Hili halijifunzwi kwa kusoma makala. Daktari aandike kipimo cha mtoto huyo, na karatasi ikae na dawa.

Namna ya kumbeba pia ina maana. Mtoto alisimamishwa mara tatu: kuoshwa matapishi, kubadilishwa nguo, kupanda bajaji. Presha inapokuwa imeshuka, kumsimamisha mtoto ghafla kunaweza kuusimamisha moyo. Alazwe, miguu iinuliwe. Akitapika ageuzwe ubavu. Akiwa anahema kwa shida aachwe akae, miguu imenyooshwa mbele. Kwenye bajaji alale mapajani mwa mtu. Nguo chafu haijamwua mtoto yeyote.

Nani wa kumwambia Bibi

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wataalamu wa hospitali hulipita haraka. Taarifa ilibebwa na mtu asiyestahili kuibeba. Mkwe hamwekei mama mkwe masharti ya kula; akifanya hivyo inasikika kama anamnyanyapaa au anabana chakula, na yeye mwenyewe analijua hilo, ndiyo maana aliisema kwa sauti ya chini na kwa maneno machache. Aliyetakiwa kuongea ni mtoto wa kumzaa, na si siku ya safari wakati mifuko imeshafungwa. Wiki mbili kabla. Kitu kama hiki:

"Shikamoo mama. Nina jambo la kukuomba kuhusu mume wako mdogo. Karanga kwake ni kama sumu ya nyoka, si kwamba hapendi. Hata kinu kilichotwangiwa karanga jana kikitumika leo, koo linafumba. Alishawahi kuvimba tukampeleka hospitali. Safari hii naomba usitubebee karanga, korosho wala unga wa lishe. Tuletee mbaazi na unga wa muhogo. Na ukifika, chakula chake kiwe mkononi mwako wewe, maana wewe ndiye hawezi kukubishia."

Maneno yanafanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. "Mume wako" ni utani wa bibi na mjukuu, na utani huo una haki na wajibu ndani yake: mke analinda sahani ya mumewe. Mfano wa nyoka unatenganisha mzio na uchaguzi wa chakula. Kinu kimetajwa kwa jina. Ameambiwa cha kubeba, kwa sababu kumkataza bibi wa Masasi kubeba karanga bila kumpa cha kubeba badala yake ni kumwambia aje mikono mitupu, na hatakuja mikono mitupu. Mwisho amepewa cheo. Bibi asiye na cheo jikoni kwa mkwewe atajitafutia, na atakipata kwa kumpikia mjukuu kitu kitamu kwa siri.

Atapinga, na ana hoja. Kwamba amelea watoto saba kwa uji wa karanga na hakuna aliyevimba: ni kweli, wengi hawana mzio huu. Kwamba mtoto azoeshwe kidogo kidogo tangu mchanga: hapo yuko karibu na sayansi kuliko anavyodhani. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga walio katika hatari, wakianza kulishwa karanga laini kati ya miezi 4 na 11, walipata mzio wa karanga mara chache sana kuliko waliozuiwa. Ila hiyo ni kinga kwa asiye na mzio bado. Kwa aliyekwisha kuupata, kuonjeshwa nyumbani ni kucheza na moto. Kuzoeza mwili kupo, kunafanywa na madaktari kwa vipimo vya unga vinavyopimwa kwa miligramu, adrenalini ikiwa mezani. Hoja ya tatu, kwamba za kuchemsha hazina neno, ijibiwe bila kuzunguka. Kukaanga huifanya protini ya karanga iwe kali zaidi na kuchemsha huipunguza makali, lakini karanga ya kuchemsha bado ni karanga.

Na kuna lile la kutafuna kwanza kisha kumpa mtoto, au busu la shavuni baada ya njugu. Mate hubeba karanga. Kupiga mswaki peke yake hakutoshi; zipite saa kadhaa na mlo mwingine kati yake.

Kilichofanywa siku kumi na moja zilizobaki

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni jiko la pande mbili: vyombo vya karanga huku, vya mtoto kule, kwa alama. Ya pili ni nyumba isiyo na karanga kabisa. Kwa mtoto wa miaka 4, dada mmoja wa kazi na mgeni ambaye hajaizoea nyumba, jiko la pande mbili ni ndoto. Litafaa akifika miaka 10 au 12 na kujua kuuliza mwenyewe.

Kwa hiyo karanga na korosho ziliondoka, lakini kwa mkono wa Bibi. Alizigawa mafungu: shangazi wa Temeke, majirani wawili, fundi cherehani wa nje. Zingetupwa au kufichwa kabatini, lingekuwa tusi. Unga wa lishe ulifuata njia hiyo hiyo, na huu ndio uliokuwa hatari kuliko karanga zenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeuhesabu. Ndani yake mlikuwa na mahindi, ulezi, soya na karanga, ila jina lake ni "uji wa watoto". Ulikuwa umeshawekwa kwenye kopo jikoni, na siku ya nne ndiyo ulipangwa kupikwa.

Kinu na mchi wake, miko miwili na kibao cha kukatia vilitolewa. Kikanunuliwa kinu kipya, na utepe mwekundu ukafungwa kwenye mchi ili dada na Bibi wasiulizane. Meza, kingo za sinki, na mpini wa jokofu vikasuguliwa kwa sabuni. Baraza likafagiliwa baada ya kunyunyiziwa maji, kwa sababu maganda mekundu ya karanga hupeperuka yakiwa makavu. Harufu ya karanga zinazokaangwa kwa jirani ilizua hofu nyumbani, lakini harufu yenyewe haibebi protini. Vumbi na maganda ndivyo vya kuogopa.

Kisamvu kilibaki, maana kumnyima Bibi kisamvu wiki mbili ni ukatili. Karanga ikabadilishwa kwa nazi. Kwa kilo moja ya majani: nazi moja kubwa iliyokomaa, tui zito kikombe kimoja, tui jepesi vikombe viwili. Majani hutwangwa, huchemshwa bila mfuniko si chini ya nusu saa ili sumu ya muhogo itoke kwa mvuke, ndipo tui jepesi linaingia na kitunguu. Tui zito huja mwisho, moto mdogo, ukikoroga lisikatike. Anayetaka ule uzito wa karanga anaweza kuponda viganja viwili vya mbaazi zilizoiva. Bibi ndiye aliyekuja na hilo la mbaazi.

Majani yanunuliwe mazima. Kisamvu kilichosagwa sokoni ni tamu ya wavivu, lakini mashine ile ile mara nyingi asubuhi ilisaga karanga, na muuzaji ukimwuliza atakujibu kwa ukweli wote kwamba ameiosha. Mashine za unga mitaani ni hivyo hivyo: kutanguliza kilo mbili za mahindi ya mtu mwingine kunapunguza mabaki, hakuyamalizi. Mafuta ya karanga yaliyokamuliwa mtaani yana protini. Yaliyosafishwa kiwandani yanabaki na kidogo mno, lakini kwa wiki mbili nyumba ilitumia alizeti ya dukani iliyosafishwa na hapakuwa na mjadala. Vitafunwa vya barabarani vilikatazwa moja kwa moja. Anayekaanga karanga za mayai ndiye anayekaanga visheti na muhogo, kwenye karai lile lile.

Maharage, kunde, choroko na mbaazi aliendelea kula. Karanga ni jamii ya mikunde, na kuna wazazi ambao kwa hofu huondoa mikunde yote, mtoto akabaki na wali na chai. Wengi wenye mzio wa karanga wanazimudu hizo nyingine bila shida, na huyu alikuwa akizila tangu zamani.

Na tumbo la Bibi

Wakati wote huo kulikuwa na tatizo la pili, na lilinyamaziwa kwa sababu mwenye nalo alikuwa mgeni. Tangu siku ya kwanza mkwe alimheshimu Bibi kwa maziwa: chai ya maziwa matupu asubuhi, nyingine saa 10 jioni, na bilauri ya maziwa moto kabla ya kulala. Jumla kama nusu lita kwa siku. Bibi alikunywa yote na kushukuru. Siku ya tano dada ndiye aliyesema kwamba Bibi anaharisha, tumbo linanguruma, na usiku anashinda chooni.

Nusu lita ya maziwa ya ng'ombe ina karibu gramu 25 za sukari ya maziwa. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kuisaga baada ya utoto. Jamii za wafugaji zimerithi mabadiliko yanayouendeleza uwezo huo ukubwani, na utafiti wa mwaka 2007 uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan uliona kwamba mabadiliko yao ni tofauti na yale ya Wazungu. Kusini huko Bibi hakukulia kwenye maziwa. Sukari isiyosagwa inafika utumbo mpana, vijidudu vinaichachua, ndiyo gesi na kuharisha, kati ya nusu saa na saa mbili hivi.

Familia ilipojua ikasema, basi na Bibi ana mzio. Hapana, na tofauti hii inabadilisha kila kitu jikoni. Mzio wa mtoto ni kazi ya kinga ya mwili, na hakuna kiasi cha kutegemea kwamba ni salama: hata punje moja ni hatari. Tumbo la Bibi ni suala la kiasi. Wengi wa hali yake wanamudu hadi kama gramu 12 kwa mkupuo, yaani bilauri moja, hasa pamoja na chakula. Kuchemsha maziwa hakupunguzi sukari hiyo hata kidogo, wala kuyaongeza tangawizi. Mtindi unapunguza, kwa sababu vijidudu vyake vimeshakula sehemu, na samli haina neno. Ila ungekuwa ni mzio wa maziwa, mtindi na samli vingekuwa marufuku pia. Ukiita yote "mzio", siku moja mtu atamwona Bibi akinywa mtindi bila kudhurika, atahitimisha kwamba hata wa mtoto ni wa kukuza mambo.

Alirudishwa kwenye chai ya rangi yenye tangawizi na mdalasini, mtindi nusu kikombe baada ya mlo wa mchana, na maziwa ya usiku yakafutwa. Siku mbili akatulia. Kwa mzee kama Bibi, mwenye presha na anayetumia dawa ya kukojosha maji, kuharisha siku tano si jambo dogo: maji na chumvi vinapungua pande mbili, anaweza kuanguka akiamka. Ilikuwa lazima apimwe presha amekaa na amesimama, anywe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na daktari aseme kama dawa ipunguzwe kwa siku hizo. Kuharisha kungeendelea bila maziwa, au kungekuja na damu, homa au kukonda, hadithi ingekuwa nyingine.

Mkwe alijilaumu sana, na bila sababu. Yeye na mama mkwe walikuwa wamefanya kosa moja kutoka pande mbili: kila mmoja alimlisha mwenzake, au wa mwenzake, kwa heshima, na heshima ikawazuia wote kuuliza.

Desemba

Bibi ameomba mjukuu aende Masasi likizo ya mwisho wa mwaka. Hapo mambo yanageuka, kwa sababu karanga sasa ndiyo mwenyeji. Wazazi wamekubali kwa masharti yafuatayo. Aende na mzazi mmoja aliyefundishwa sindano. Ampuli mbili, mabomba mawili na karatasi ya daktari vikae kwenye mkoba wa mkononi, mbali na mwanga na joto, ndani ya mfuko wa kitambaa. Visiwekwe juu ya injini ya basi wala kugandishwa kwenye barafu, na tarehe za mwisho zisomwe kabla ya safari. Dawa ikibadilika rangi kuwa ya kahawia, haifai. Ijulikane kabla ni zahanati ipi iliyo karibu, kama ina adrenalini kwenye kabati siku hiyo, na ni nani mwenye pikipiki usiku. Kinu chenye utepe mwekundu kitasafiri nao.

Limebaki la korosho. Desemba ni msimu wake, na uani kwa Bibi zinachomwa kwenye karai la bati. Moshi wa maganda yake una mafuta yanayochoma ngozi na macho ya mtu yeyote, mwenye mzio na asiye nao, kwa hiyo mtoto hakai pale kwa hali yoyote. Kama ana mzio wa korosho yenyewe haijapimwa. Korosho si jamii moja na karanga, lakini mzio wake unaweza kuwa mkali vilevile, na baadhi ya watoto wenye mmoja wanakuwa na mwingine. Kipimo kimepangwa Oktoba, na mpaka majibu yatoke, Bibi anaihesabu korosho pamoja na karanga.